Penseli ya Sykes na wilaya za McMahon: nani hasa aliigawa nchi ya Shamu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja hapa Tanga. Wanafunzi wangu waliiona ile video ya mwaka 2014, wapiganaji wa ISIS wakibomoa tuta kwenye mpaka wa Iraq na Syria na kujigamba kwamba wameufuta mkataba wa Sykes-Picot, yale mapatano ya siri ya Mwingereza Sykes na Mfaransa Picot ya mwaka 1916. Wakaniuliza maswali mawili. Je, ni kweli mabwana hao wawili ndio waliochora mipaka ya nchi za Kiarabu kwa rula? Na Sharifu wa Makka, aliyepigana upande wa Waingereza, alidanganywa kabisa au alikuwa anajua? Nilijibu kwa kubabaisha, na sikuridhika.

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nianze na lile tuta, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limefukiwa palepale. Itafute ramani yenyewe ya Sykes na Picot, ile waliyoitia saini Mei 1916, uweke kidole mahali tuta lilipokuwa. Hutaona mpaka wowote. Mosul, ambayo leo iko Iraq, na nchi yote ya mashariki ya Syria hadi Aleppo na Damascus zimo ndani ya eneo moja, limeandikwa herufi A, nalo ni fungu la Wafaransa. Mpaka ule uliobomolewa mbele ya kamera haumo katika mkataba huo. Ulikuja baadaye, kwa mapatano mengine.

Kwa hiyo jibu la haraka ni hapana. Lakini nakuomba usiwaache watoto hapo, maana wataondoka wakidhani mkataba ule ulikuwa karatasi tu. Nimeusoma na kuufundisha kwa miaka mingi, na kila ninaporudi kwake naona ubaya wake hauko katika unyoofu wa mstari. Mstari hata ukipinda kufuata mto, swali linabaki lilelile: nani aliyekaa mezani, na nani hakuambiwa kuna meza.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuta nchi za Waarabu wa Shamu (yaani Syria, Lebanon, Jordan na Palestina za leo) na Iraq zikiwa chini ya Dola ya Uthmaniya, iliyotawaliwa kutoka Istanbul. Dola hiyo ilipoingia vitani upande wa Ujerumani mwishoni mwa 1914, mahasimu wake walianza kugawana mirathi kabla mgonjwa hajafa. Urusi ilitangulia. Machi 1915 iliomba ipewe Istanbul na mlango wa bahari unaotoka Bahari Nyeusi, na London na Paris zikakubali. Mwezi uliofuata Italia ikaahidiwa fungu lake ili iingie vitani. Ufaransa, yenye shule zake, biashara yake ya hariri, reli zake na urafiki wake wa zamani na Wakristo Wamaroni wa Lebanon, ikasema Shamu ni yake. Uingereza ilikuwa imeshaiteka Basra tangu Novemba 1914 na ilitaka njia salama ya kwenda India. Ilibaki kazi ya kuoanisha hamu hizo zisije zikawagombanisha washirika kabla vita havijaisha.

Kazi hiyo walipewa watu wawili. Sir Mark Sykes alikuwa mbunge, tajiri wa mashamba kutoka Yorkshire, wa umri wa miaka 36. Alikuwa amezunguka sana nchi za Uthmaniya na kuandika vitabu juu yake, na mawaziri wengi walimchukulia kuwa mjuzi wa Kiarabu na Kituruki. Ujuzi huo hakuwa nao kwa kiasi walichodhani. Desemba 16, 1915 aliitwa Downing Street, ofisi ya waziri mkuu mjini London, kuwaeleza mawaziri ramani, nao wakamuuliza wapatane na Wafaransa wapi. Akajibu kwamba angependa kuchora mstari kuanzia herufi “e” ya Acre hadi “k” ya mwisho ya Kirkuk. Acre ni mji wa pwani ya Palestina, Kirkuk iko kaskazini ya Iraq. Mwambie mwanafunzi apime umbali huo kwa kamba kwenye atlasi, kisha ahesabu ni miji mingapi, visima vingapi, makabila mangapi ya wafugaji yaliyokatwa katikati na herufi mbili za maandishi ya ramani.

Mshirika wake, François Georges-Picot, alikuwa konseli wa Ufaransa mjini Beirut kabla ya vita. Huyu ana habari ambayo vitabu vya shule huiruka, nami naona ndiyo ya kwanza kusimuliwa. Alipoondoka Beirut vita vilipoanza, aliacha nyuma katika ofisi za ubalozi mdogo nyaraka zenye majina ya Waarabu waliokuwa wakiwasiliana na Wafaransa kutafuta msaada wa kujikomboa. Hakuzichoma. Watu wa Jemal Pasha, gavana wa kijeshi wa Shamu, wakazipata. Watu 11 wakanyongwa Beirut Agosti 1915. Mei 6, 1916 wakanyongwa wengine 21, 14 Beirut na 7 Damascus, katika viwanja ambavyo hadi leo vinaitwa Viwanja vya Mashahidi. Siku mbili baadaye, Mei 8, Sykes na Picot waliitia saini ramani yao. Barua rasmi za kuthibitisha, kati ya balozi Paul Cambon na waziri Edward Grey, zikabadilishana Mei 9 na 16. Maiti za wazalendo hazijapoa, na aliyeziacha karatasi zilizowaua anatia sahihi yake juu ya nchi yao.

Mkataba wenyewe ulisemaje? Ramani ina rangi. Buluu ni pwani ya Syria na Lebanon pamoja na Kilikia, pwani ya kusini ya Uturuki ya leo, na sehemu kubwa ya kusini mashariki mwa Uturuki ya leo, ambako Ufaransa ingetawala itakavyo. Nyekundu ni Basra na Baghdad, Uingereza vilevile. Katikati ya rangi hizo kuna A na B. Humo, kwa maneno ya mkataba, serikali hizo mbili ziko tayari kutambua dola huru ya Waarabu, au shirikisho la dola, chini ya kiongozi Mwarabu. Lakini soma mstari unaofuata: katika A ni Ufaransa peke yake itakayotoa washauri, na yenyewe itatangulizwa katika mikopo na biashara, na katika B Uingereza hivyohivyo. Hilo ndilo lililoitwa eneo la ushawishi. Una bendera yako, una mfalme wako, lakini fedha, ofisi na bandari zina mwenyewe. Palestina ikapakwa rangi ya hudhurungi na kuwekwa chini ya utawala wa kimataifa ambao ungejadiliwa baadaye, isipokuwa Haifa na Acre, ambazo Uingereza ilizichukua pamoja na haki ya kujenga reli kutoka Haifa hadi eneo lake na kupitisha wanajeshi humo milele. Upo hata mgao wa maji ya mito ya Tigris na Frati. Walikuwa wanajua wanachokitaka. Urusi ilikubali baada ya kuhakikishiwa majimbo ya Erzurum, Trabzon, Van na Bitlis.

Hapa nitoke kando kidogo, kwa sababu wewe uko Tanga. Aliyemwingiza Sykes katika kamati ya serikali iliyojadili mustakabali wa Dola ya Uthmaniya mwaka 1915 alikuwa Lord Kitchener, waziri wa vita. Kitchener huyohuyo, alipokuwa ofisa kijana, ndiye aliyekuwa mjumbe wa Uingereza katika tume ya 1885 na 1886 iliyotembea pwani yetu kuchunguza Sultani Barghash wa Zanzibar anatawala hadi wapi bara. Wajumbe walikuwa Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwishoni mwa 1886 London na Berlin zikapatana zenyewe kwa zenyewe: Sultani abaki na ukanda wa maili kumi kutoka ufukweni, na bara ikatwe kwa mstari kutoka upande wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, ukizunguka Kilimanjaro. Barghash akaletewa akubali, naye akakubali kwa uchungu. Wanafunzi wako wakipanda basi la Mombasa, pale Horohoro wanaposhuka kugongewa pasi, wanavuka mwanzo wa mstari huo. Waambie. Wataelewa Shamu kwa haraka kuliko nitakavyoweza kuwaeleza mimi.

Sasa swali la pili, la Sharifu. Hili ni gumu zaidi, na mimi nalipenda zaidi kwa sababu limesimama juu ya neno ambalo sisi tunalitumia kila siku.

Hussein bin Ali alikuwa Sharifu wa Makka, wa ukoo wa Banu Hashim, aliyewekwa na Waturuki lakini asiyewaamini. Kuanzia Julai 1915 aliandikiana barua na Sir Henry McMahon, mwakilishi mkuu wa Uingereza nchini Misri. Barua kumi kwa jumla, hadi Machi 1916. Hussein alidai uhuru wa Waarabu kutoka mipaka ya Anatolia hadi Bahari ya Hindi, isipokuwa Aden. McMahon mwanzoni alikwepa kuzungumzia mipaka. Kisha akaja Cairo ofisa kijana Mwarabu kutoka Mosul, Muhammad Sharif al-Faruqi, aliyekuwa ametoroka jeshi la Uthmaniya huko Gallipoli, rasi ya Uturuki ambako Waingereza walikuwa wametua kupigana. Akadai chama cha siri cha maofisa Waarabu kina nguvu kubwa jeshini, kwamba Wajerumani nao wanawabembeleza, na kwamba miji minne hawataiachia bila vita: Damascus, Homs, Hama na Aleppo. Alitia chumvi sana. Lakini Waingereza walikuwa wanashindwa Gallipoli, na mtu anayezama hushika hata unyasi. Oktoba 24, 1915 McMahon akaandika barua ya ahadi.

Ahadi hiyo ilikubali madai ya Hussein kwa kuondoa baadhi ya sehemu. Iliyoleta msiba ni moja: sehemu za Shamu zilizoko magharibi ya Damascus, Homs, Hama na Aleppo. Magharibi ya nini hasa? Kwa Kiingereza, kabla ya majina ya miji hiyo, liliandikwa neno la kawaida la eneo au mtaa. Barua ya Kiarabu iliyomfikia Sharifu ilisema “wilayat”.

Ndiyo, ni wilaya yetu hiihii. Katika utawala wa Uthmaniya wilaya ilikuwa jimbo kubwa lenye gavana, kubwa kuliko mkoa wetu wa leo. Katika Kiarabu cha kawaida laweza pia kuwa eneo tu la mji na vitongoji vyake. Kwetu wilaya ni ndogo kuliko mkoa, na Oman pia wilaya iko chini ya mkoa. Ukilisoma neno kwa maana hiyo ndogo, magharibi ya miji minne ni pwani ya Lebanon na Syria ya kaskazini. Palestina haimo katika kilichoondolewa, maana iko kusini. Hivyo ndivyo Hussein alivyosoma. Ukilisoma kwa maana ya jimbo la Uthmaniya, jimbo ambalo mji wake mkuu ni Damascus lilishuka hadi Aqaba, na magharibi yake ni Palestina. Hivyo ndivyo serikali ya Uingereza ilivyokuja kusoma, na Churchill akaliweka hilo katika waraka rasmi wa 1922.

Nimewahi kusikia wasomi wakisema hapa kila upande una hoja. Mimi sikubaliani, na sababu yangu ni nyepesi. Hapakuwa na jimbo lililoitwa Damascus. Jimbo lilikuwa la Syria. Homs haikuwa jimbo wala Hama haikuwa jimbo, zote mbili zilikuwa ndani ya jimbo hilohilo la Syria. Huwezi kutaja majimbo manne ambayo mawili hayapo na la tatu lina jina jingine, halafu ukadai ulikuwa ukizungumza lugha ya utawala wa Uthmaniya. McMahon aliorodhesha miji. Mwaka 1939 kamati ya pamoja ya Waingereza na Waarabu ilipozichambua barua hizo, upande wa Uingereza wenyewe ulikiri kwamba mwaka 1918 serikali yao haikuwa huru kuifanyia Palestina itakavyo bila kujali matakwa ya wakazi wake. Kukiri huko kulichelewa miaka zaidi ya 20.

Je, Sharifu alijua kwamba Wafaransa wanaitaka Shamu? Alijua, na tusimfanye mtoto mchanga. McMahon alimwandikia kwamba Uingereza inaahidi pale tu ambapo iko huru kutenda bila kumdhuru mshirika wake Ufaransa. Hussein akajibu kwamba wilaya za Aleppo na Beirut na pwani zake ni za Kiarabu tupu. Baadaye akakubali suala la Wafaransa na pwani lingoje vita viishe, akionya kwamba siku hiyo ataidai. Alikuwa mwanasiasa mzee aliyeishi miaka mingi Istanbul. Alicheza karata yake. Juni 1916 wanawe Ali na Faisal wakaanza mapigano Madina tarehe 5, na yeye mwenyewe akafyatua risasi ya ishara Makka tarehe 10. (Hiyo Juni 5 ndiyo siku Kitchener alipozama baharini karibu na visiwa vya Orkney, meli yake ilipogonga bomu la Wajerumani.)

Asichokijua Hussein ni kwamba wiki chache kabla ya risasi ile, ramani ilikuwa imeshatiwa saini. Hakuonyeshwa. Mei 1917 Sykes na Picot walikwenda Jeddah kuonana naye. Wakamweleza kwa mdomo, nusu nusu. Hussein akakubali kwamba Ufaransa ifanye katika pwani ya Shamu kama Uingereza inavyofanya Baghdad, kwa sababu yeye aliamini Baghdad ataachiwa na Waingereza watamlipa kwa muda watakaokaa. Sykes alijua ramani inaipaka Baghdad nyekundu. Akanyamaza, akaondoka na ridhaa hiyo mkononi. Kwa Kiswahili tunasema mtu kauziwa mbuzi kwenye gunia, na hapa muuzaji aliliona gunia likiwa tupu.

Ukweli ulitoka kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Wabolsheviki walipotwaa madaraka Urusi Novemba 1917 walifungua makabati ya wizara ya mambo ya nje na kuichapisha mikataba yote ya siri. Trotsky ndiye aliyekuwa na dhamana ya wizara hiyo. Gazeti la Manchester Guardian likaichapisha Uingereza mwezi huohuo. Jemal Pasha, yule mnyongaji, aliishika habari hiyo kwa mikono miwili. Akaitangaza hadharani Beirut na kumwandikia Faisal kwamba mnaona, mmepigania utumwa. Hussein akazituma barua hizo kwa Waingereza na kuuliza. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba Wabolsheviki wameokota kumbukumbu za mazungumzo ya awali, si mkataba rasmi, na kwamba Waturuki wanataka kuwafitinisha. Ulikuwa mkataba uliothibitishwa na serikali mbili. Hapa, mwalimu, jibu la swali lako la pili halina utata tena: kabla ya hapo unaweza kuzungumza juu ya maneno yenye maana mbili, kuanzia hapo ni uongo mtupu.

Na mwezi huohuo wa Novemba 1917, tarehe 2, Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikuwa ameandika barua yake ya kuwaahidi Wayahudi makao ya kitaifa katika Palestina. Nchi moja ilikuwa imeahidiwa mara tatu: kwa Hussein kama alivyoisoma barua yake, kwa utawala wa kimataifa, na sasa kwa Wayahudi. Wakazi wake walio wengi walitajwa katika barua hiyo kuwa jamii zisizo za Kiyahudi zilizopo.

Tuje kwenye mipaka. Vita vilipoisha, ramani ya 1916 ilianza kuraruliwa na wenyewe walioichora. Urusi ilikuwa imejitoa. Jeshi la Uingereza lilikuwa limeshika kila mahali, hata Mosul, iliyotwaliwa siku chache baada ya Uthmaniya kusalimu amri Oktoba 30, 1918. Desemba mwaka huo Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, alimtembelea mwenzake wa Uingereza, Lloyd George, London, akamuuliza anataka nini. Mosul, akajibiwa. Utaipata. Na kingine? Yerusalemu. Utaipata pia. Mazungumzo hayo hayakuandikwa wakati ule, tumeyapata katika shajara ya Maurice Hankey, katibu wa baraza la mawaziri, aliyoyaandika miaka miwili baadaye. Hivyo ndivyo Mosul ilivyotoka katika A ya Wafaransa na kuingia Iraq. Mafuta yalikuwamo akilini mwa kila mtu: Ufaransa ililipwa asilimia 25 ya mafuta ya Iraq, ile iliyokuwa hisa ya Wajerumani. Hayo yakapigwa muhuri katika mkutano wa San Remo, Aprili 1920, ambako Ufaransa ilipewa Syria na Lebanon, na Uingereza ikapewa Iraq na Palestina.

Je, kuna aliyewauliza wenyeji? Yupo, na hapo ndipo moyo wangu huuma kila mara. Rais Wilson wa Marekani aliwatuma Henry King na Charles Crane, wakazunguka Palestina na Syria katika kiangazi cha 1919. Wakapokea maombi zaidi ya 1,800 ya maandishi kutoka mijini na vijijini. Asilimia 80 hivi yalitaka Syria moja isiyogawanywa. Zaidi ya asilimia 70 yalitaka uhuru kamili. Wapo waliotaka tofauti, hasa Wamaroni wa Lebanon waliowataka Wafaransa, na haki ni kuwataja. Ripoti ikawekwa kabatini na kuchapishwa 1922, mambo yakiwa yamekwisha.

Machi 8, 1920 bunge la Wasyria mjini Damascus lilimtawaza Faisal mfalme. Miezi minne baadaye Jenerali Gouraud wa Ufaransa akampa masharti ya kusalimu. Faisal akakubali, lakini jeshi la Wafaransa lilikuwa limeshaanza safari. Waziri wa vita, Yusuf al-Azma, akatoka na askari wachache na watu wa kujitolea hadi Maysalun, njia ya kutoka Beirut, Julai 24, 1920. Alijua hatashinda. Alitaka isije ikaandikwa kwamba Damascus iliingiwa bila mtu kusimama mlangoni. Akauawa siku hiyo. Ukiniuliza mpaka wa Syria ulichorwa wapi, mimi nitakutajia Maysalun kabla ya kutaja chumba chochote cha London.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mpaka wa Syria na Uturuki ulitokana na mapatano ya Ankara ya Oktoba 1921, baada ya majeshi ya Mustafa Kemal, kiongozi wa Waturuki, kuwashinda Wafaransa Kilikia. Sehemu yake ndefu inafuata njia ya reli. Mosul ilibishaniwa na Uturuki hadi mkataba wa 1926. Wakurdi, waliotajiwa uwezekano wa dola yao katika mkataba wa Sèvres mwaka 1920, hawakutajwa kabisa katika mkataba wa Lausanne ulioubadili mwaka 1923. Jordan ilitengwa na kupewa Abdullah, mwana mwingine wa Sharifu, na Faisal akapewa Iraq Agosti 1921 kama fidia. Mpaka wa Iraq, Kuwait na Saudia ulipatikana Uqair, bandari ya Ghuba, mwaka 1922, ambapo Sir Percy Cox, mwakilishi mkuu wa Uingereza nchini Iraq, alichukua penseli nyekundu na kuchora mbele ya Ibn Saud, mtawala wa Najd, hadi kukaachwa kipande chenye umbo la almasi kisicho cha mtu. Wanafunzi wakitaka rula, waambie iko Uqair.

Nisiseme kwamba hakuna kilichobaki cha 1916. Mpaka wa Syria na Jordan haujaenda mbali sana na mstari uliotenganisha A na B. Na bomba la mafuta lililojengwa miaka ya 1930 lilitoka Kirkuk hadi Haifa, hatua chache tu kutoka Acre. Yule Sykes na herufi zake mbili alikuwa ameiona njia ya bomba kabla ya mafuta ya Kirkuk kuchimbwa. Yeye mwenyewe hakuliona: alikufa Paris Februari 1919 kwa homa ya mafua iliyoenea duniani, akiwa na miaka 39, katikati ya mkutano wa amani.

San Remo pia ina uhusiano na wewe. Utawala waliopewa uliitwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na uliwekwa kwa madaraja. Waarabu wa Shamu na Iraq walitiwa daraja A, watu wanaokaribia kujitawala. Tanganyika ilitiwa daraja B, pamoja na Ruanda-Urundi ya Wabelgiji. Wanafunzi wako wanaposoma kwamba Waingereza walitawala Tanganyika kwa udhamini, wanasoma sura ya kitabu hikihiki.

Hussein alikataa kutia saini mkataba wowote uliokubali udhamini wa Palestina na Syria. Waingereza wakamwachia peke yake, Ibn Saud akaingia Makka 1924, na mzee akaondoka kwenda Aqaba kisha Kupro. Alikufa Amman mwaka 1931, akazikwa Yerusalemu, kando ya Msikiti wa Aqsa, katika mji ambao yeye aliamini umo katika barua.

Kwa darasa lako, ningefanya hivi. Bandika ubaoni ramani mbili, ya 1916 na ya leo, uwaache watafute Mosul katika zote mbili kabla hujasema neno. Kisha waandikie ubaoni ile sentensi ya McMahon kwa Kiswahili, na neno wilaya ndani yake kama alivyolisoma Hussein: sehemu za Shamu zilizoko magharibi ya wilaya za Damascus, Homs, Hama na Aleppo. Mpe mmoja chaki, aje apake rangi anachodhani kimeondolewa. Halafu mwite wa pili.